Harufu ya Banda la Kuku na Sheria ya Hewa

Wengi wetu tukisikia habari za hewa chafu hudhani ni mambo ya viwanda vya Thika tu. Nami nilidhani vivyo hivyo hadi Bwana Afya wa Kaunti ya Kiambu alipobisha langoni kwetu, Ruiru.

Tunafuga kuku wa mayai mia tatu. Zamani shamba lilipakana na mibuni, kwa hivyo harufu yetu ilikuwa yetu wenyewe. Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, nyumba za kupangisha zimetufikia hadi uani. Jirani mmoja ana mtoto mwenye pumu. Ndiye aliyetushtaki, na simlaumu.

Baba alikuja juu. "Kuku walikuwa hapa kabla yao!"

"Mzee, kutangulia si ruhusa ya kuchafua," Bwana Afya akamjibu kwa upole. Akatueleza kwamba kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya mazingira safi, na kwamba kaunti zimepewa jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Tena kuna Kanuni za Ubora wa Hewa, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, ambayo NEMA huisimamia.

Sasa somo lenyewe. Ile harufu inayochoma macho ni amonia. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki. Kikilowa, bakteria huivunja na amonia ikatoka. Kikikauka, kazi yao hupungua sana. Kumbe adui wetu alikuwa maji! Vyombo vya kunyweshea vilikuwa vikivuja usiku kucha. Tulivitengeneza, tukatoa maranda yaliyolowa, tukatandaza makavu na kupanua madirisha ya wavu ili upepo upite. Kila asubuhi huyageuza kwa reki, ndiyo maana mnaniona nikichelewa gwaride.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Kila Jumamosi nilichoma maranda machafu pamoja na magunia ya nailoni, moshi ukamwingilia yule mtoto. Siku hizi maranda twayachanganya na majani makavu, twayafunika, na miezi kadhaa baadaye twayatia kwenye sukuma wiki. Magunia hununuliwa na wauza makaa, na hiyo nayo ni hadithi nyingine.

Bwana Afya alirudi baada ya majuma mawili. Alisimama mlangoni mwa banda, akavuta pumzi, akaandika kitu daftarini, akaenda zake. Jirani bado hanunui mayai kwetu.