Nani Aliyeukata Msitu? Nafasi ya Mtenda katika Nyimbo za Kwaya kuhusu Mazingira

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, viwanja vingi vya mikutano nchini Kenya huwa na kwaya. Wanawake wa vikundi vya kijamii, vijana na walimu hujipanga safu kwa safu. Kiongozi huanzisha, wenzake wakampokea. Ujumbe ni uleule: miti ipandwe, mito isafishwe, taka zisitupwe ovyo. Aghalabu uhakiki wa nyimbo hizi huishia kwenye dhamira. Mhakiki hueleza kwamba wimbo unahimiza utunzaji wa mazingira, kisha akafunga daftari. Makala haya yanaangazia jambo dogo zaidi, nalo ni kitenzi.

Uharibifu unapotajwa, kauli inayotawala ni ya kutendeka. Misitu imeisha, mito imechafuka, mazingira yameharibika. Kauli hii haina nafasi ya mtenda: husemwi kwamba mazingira "yameharibika na" fulani. Kauli ya kutendwa, kwa upande wake, huacha mlango wazi, kwani "yameharibiwa" huweza kufuatwa na kiunganishi "na", kisha jina. Pengine mtu atajitetea kwamba mtunzi amebanwa na mahadhi. Lakini hebu zihesabiwe mizani: ya-me-ha-ri-bi-ka ni sita, ya-me-ha-ri-bi-wa ni sita, na mkazo katika maneno yote mawili huangukia silabi ya tano. Lahani haimlazimishi mtunzi kuchagua -k- badala ya -w-.

Mtenda hujitokeza baadaye, wakati wa kazi. Hapo huja kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi: tupande, tutunze, tusikate. Kwa hiyo wimbo huwa na uharibifu usio na mwenyewe na ukarabati wenye wenyewe, nao ni hao hao waimbaji waliosimama juani. Haki idaiwe pande zote: wapo waimbaji wachomao makaa, na "sisi" yao si ya uongo. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya gunia la makaa na ekari za msitu zilizogawanywa kwa barua ya ofisi.

Tofauti hiyo ilidhihirika Karura, jijini Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo wa umma zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wenye nia ya kujenga. Wangari Maathai, aliyeasisi Green Belt Movement mwaka 1977, aliongoza upinzani, na mnamo Januari 1999 yeye na wenzake walishambuliwa na walinzi walipokwenda huko kupanda mti. Msitu huo haukuwa umekatika wenyewe. Ulikatwa, na kila aliyeufuatilia mgogoro huo alijua kwamba swali lilikuwa ni kukatwa na nani.

Mfano wa mifuko ya plastiki unalingana na huo. Mama anayetoka sokoni aliasiwa miaka mingi asitupe mfuko. Marufuku iliyoanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 haikumlenga mtumiaji peke yake. Ilimtaja pia mtengenezaji na mwagizaji. Sheria, ambayo kwa kawaida haisifiwi kwa usanii, ilikuwa na orodha kamili ya watenda kuliko nyimbo nyingi.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu watunzi kwa woga. Kwaya ya kijamii huimba mbele ya meza kuu, na mara nyingi aliyeketi pale ndiye aliyeialika. Katika enzi ya chama kimoja, kumtaja mnyakuzi wa ardhi hadharani kungemtia mwimbaji mashakani. Wengine watasema kauli ya kutendeka ni fumbo, na fumbo ni mali ya kale ya fasihi ya Kiswahili. Hoja hii ina uzito, ila fumbo humwachia msikilizaji kitu cha kufumbua. Anayesikia kwamba mto umechafuka haachiwi fundo lolote. Anapewa habari tu, kana kwamba ni habari ya mvua.

Cha ajabu ni kwamba umbo la kwaya lenyewe lina nafasi ya jibu. Wimbo wa kupokezana ni mazungumzo: sauti moja hutoa, sauti nyingi hurudisha. Kiongozi akisema msitu umekatwa, si lazima waitikiaji warudie maneno yake. Wanaweza kuuliza: na nani? Swali hilo ni silabi tatu tu, halimtaji mtu, wala halimpi mkubwa yeyote sababu ya kushtaki. Kiongozi anaweza kuendelea na ubeti wa pili bila kujibu, nao wakauliza tena, na meza kuu ikabaki inasikiliza.