Mtoto Mwenye Ualbino Aanzapo Skuli

SWALI: Sisi ni wakazi wa Nansio, Ukerewe. Binti yetu mwenye ualbino ametimu umri wa kuanza skuli. Tuanzie wapi?

JIBU: Kabla ya yote mvusheni ziwa mumfikishe Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza, akapimwe macho na ngozi, kwani uoni hafifu, ambao mwalimu asiye na habari huudhania kuwa ni uzito wa akili, huwarudisha nyuma wengi wa watoto wenye ualbino. Miwani haiondoi uoni hafifu wote. Basi mwombeni mwalimu amketishe safu ya mbele, mbali na dirisha liingizalo mng'ao, na amwache asogee ubaoni, au akilete kitabu karibu na pua, bila ya kumkemea. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga miale, kama yale yatengenezwayo Moshi mahsusi kwa wenye ualbino, ni faradhi hata siku ya mawingu. Mkifikiria bweni, Skuli ya Mitindo, Misungwi, inalo. Lakini, kwa rai yangu, maadamu yu salama nyumbani, msimtenge nanyi. Na mwalimu mkuu akisitasita kumpokea, mwendeeni afisa ustawi wa jamii, mkimkumbusha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.