SOMO LA UFUNDI: NAMBA ZA OILI YA INJINI



Katika somo hili tutazungumza juu ya oili ya injini na namba zinazoandikwa kwenye kopo lake. Wengine watauliza: hilo si jambo la makanika? Chama kinahusikaje? Tuanze na kisa kimoja, jibu litaonekana lenyewe.

Ndugu yetu mmoja, dereva wa shamba la chai, alikuwa akiendesha pikapu ya zamani ya dizeli. Kitabu cha gari hilo kilitaka oili ya 15W-40. Siku moja stoo haikuwa nayo, akapewa 0W-20 iliyonunuliwa kwa ajili ya gari jipya la meneja. Alipouliza, alijibiwa: "Hii ni sintetiki, ni ghali kuliko yako. Chukua." Baada ya wiki chache za kupandisha mizigo mlimani, taa ya oili ilianza kuwaka, kisha injini ikanoki. Ikaamriwa gharama ikatwe katika mshahara wake. Kilichomwokoa ni kalamu. Alikuwa ameandika katika daftari la gari tarehe, namba ya oili na jina la aliyeitoa. Mwakilishi wa wafanyakazi alipoliweka daftari hilo mezani pamoja na kitabu cha gari, makato yalifutwa.

Je, kosa la stoo lilikuwa nini?

1. Sintetiki siyo uzito

Neno sintetiki linaeleza jinsi oili ilivyotengenezwa. Oili ya kawaida husafishwa kutoka katika mafuta ghafi. Sintetiki hupitia kazi zaidi kiwandani, chembe zake zikaundwa au kubadilishwa hadi zifanane. Faida yake ni kwamba haiharibiki upesi kwa joto kali, haipotei upesi kwa kugeuka mvuke, na uzito wake haubadiliki sana kati ya baridi na moto. Lakini kuna sintetiki nyepesi na kuna sintetiki nzito. Bei ya kopo haikwambii ni ipi. Namba ndiyo hukwambia.

2. Namba zinasema nini

Mpangilio huu ni wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1911. Umerekebishwa mara nyingi tangu hapo.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi. W yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba ikiwa ndogo, oili hutiririka katika baridi kali zaidi. Oili ya 0W hupimwa kama pampu yaweza kuivuta katika nyuzi 40 chini ya sifuri. 5W katika nyuzi 35 chini ya sifuri. 15W katika 25. Na 20W katika 20.

Namba ya pili ni ya injini iliyopata moto. Oili hupimwa katika nyuzi 100 kwa kipimo kiitwacho sentistoki. Ili tuelewe, maji ya kawaida ni kama 1. Mafungu ni haya:

Namba 20: kuanzia 6.9 hadi chini ya 9.3
Namba 30: kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5
Namba 40: kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3
Namba 50: kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9

Basi 5W-40 na 15W-40, injini ikipata moto, zimo katika fungu moja. Lakini 0W-20 ni nyepesi mno mbele ya 15W-40. Katika injini kuukuu, iliyobeba mzigo mlimani, utando wa oili kati ya beringi na kranki shafti ulikuwa mwembamba mno, chuma kikagusa chuma.

3. Nzito siyo bora kila mara

Wako mafundi wanaosema nchi zetu ni za joto, kwa hiyo kila gari litiwe 20W-50. Hilo nalo ni kosa. Injini nyingi za siku hizi zina nafasi ndogo sana kati ya vyuma vyake. Oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na injini hula mafuta mengi zaidi. Gari lililoundwa kwa 0W-20 litiwe 0W-20, au namba nyingine ambayo kitabu chake kinaikubali.

Tazama pia herufi za API. Herufi S ni ya injini za petroli, na C ni ya injini za dizeli. Namba ikilingana lakini herufi haifai, oili hiyo haifai.

4. Mfanyakazi afanye nini

Soma kitabu cha gari. Soma kopo kabla halijafunguliwa. Ukipewa oili isiyofaa, mwambie msimamizi mbele ya mwenzako, na uandike. Taa ya oili ikiwaka, simama na uzime injini.

Na tukumbuke: Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi vilivyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini 5W-30 na 10W-30 hukaribiana injini ikiwa moto?
2. Magari ya kazini kwenu yanataka namba gani? Stoo inatoa namba gani?
3. Je, daftari la gari lipo, na nani analijaza?

Anayejua namba hadanganywi kwa bei.