Mikunde Chini, Mpunga Juu: Mafunzo Niliyopata Bustanini

Mboga zangu nyingi huziuza kati ya Julai na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na maji ya mfereji yanagawiwa kwa zamu. Niko chini ya mlima, upande wa Moshi. Bila matandazo, sukuma wiki na nyanya zisingestahimili kungoja zamu yangu.

1. Majani makavu hayafanani kazi.

Majani ya mpunga tunayapata kwa wingi Mabogini na Chekereni baada ya mavuno. Yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, kwa hiyo huoza polepole na hukinga udongo na jua kwa muda mrefu. Lakini usiyafukie ukapanda hapo hapo. Vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni iliyomo udongoni, na miche itageuka njano. Mikunde ni tofauti. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake huiwezesha kutumia naitrojeni ya hewani, na majani yake huoza upesi na kuirutubisha ardhi. Mimi hutanguliza mikunde chini, kisha juu yake natandaza mpunga. Tabaka la chini linalisha, la juu linafunika. Kati ya yote ninayoyafanya bustanini, hili ndilo ningependa jirani zangu walijaribu kwanza.

2. Muda wa kukata una uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Mharage uliokomaa umeshapeleka sehemu kubwa ya naitrojeni yake kwenye punje. Mabua na maganda yanayobaki baada ya kupura yanafaa, ila hayafikii ngwara iliyokatwa inapoanza kutoa maua. Wakati huo majani bado ni laini na yamejaa rutuba, wala hakuna mbegu za kuja kuota kwenye tuta. Naikata kwa panga usawa wa ardhi, mizizi naiacha ioze humo humo, kisha naanika majani mpaka yakauke.

3. Mabaki ya maharage yasirudi kwa maharage.

Magonjwa kama yale ya madoa meusi yaliyobonyea kwenye maganda huweza kubaki kwenye mabua makavu hadi msimu mwingine. Yapeleke kwenye kabichi, vitunguu au migomba.

4. Mwagilia kwanza, ndipo utandaze.

Matandazo hutunza unyevu uliopo. Ukifunika udongo mkavu, manyunyu yataishia kwenye majani na mizizi haitapata kitu. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, na kuzunguka shina acha nafasi ya kiganja, maana shina likikumbatiwa na majani mabichi huoza. Miche iliyochomoza jana isubiri kwanza ipate nguvu.

5. Ng'ombe naye ana haki yake.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Huku kwetu ng'ombe wengi hufugwa ndani, na watu hupandisha mabua ya mahindi na ya maharage kutoka tambarare hadi migombani kuwalisha. Siwezi kumwambia mama mwenye ng'ombe wa maziwa atandaze chakula cha mnyama wake ardhini. Msimamo wangu ni huu: majani mazuri ya mikunde yaanzie horini, halafu masazo na samadi viende shambani. Asiye na mifugo atandaze moja kwa moja.

Majani ya mpunga, ambayo ni lishe hafifu yakitolewa peke yake, ndiyo yangefaa kujaa kwenye matuta yetu. Badala yake mengi huchomwa moto majarubani, na karibu naitrojeni yote iliyomo hupotea na moshi. Jambo hili linaniuma. Nimewaomba wakulima wa mpunga ninaofahamiana nao wanipigie simu kabla ya kuwasha kiberiti. Wakiita, naenda na mkokoteni siku hiyo hiyo.