Hewa ya Wizi Katika Motere



Wengi wetu tunapanda zile Land Cruiser za zamani, za esanse, zenye silinda sita. Tumekwisha kuona namna gari inatetemeka ikisimama, motere inapanda na kushuka peke yake, halafu inazimika. Fundi anakimbilia karbiratere, anaifungua yote, anaomba franka mingi. Mara nyingi ugonjwa hauko pale.

Tumefundishwa katika fizikia kama pistoni ikishuka inavuta hewa. Dereva asipokanyaga akseleratere, ndiyo ralanti, kile kifuniko cha ndani ya karbiratere kinabaki karibu kufungwa, na katika kolektere, bomba linalogawa hewa kwa silinda, uvutaji unakuwa na nguvu sana. Gramu 1 ya esanse inahitaji karibu gramu 15 za hewa. Kukiwa na tundu chini ya karbiratere, hewa ya wizi inaingia bila esanse na hesabu inaharibika. Ukikanyaga, hewa ya halali inakuwa mingi, ile ya wizi haisikiki tena. Ndiyo sababu gari inasumbua ikisimama lakini njiani inakimbia.

Basi, motere ikiwa na moto, vuta starteri kidogo. Ikitulia, hewa imezidi, ao jigleri imeziba. Mbele ya kugusa vizi yoyote, kamua tiyo za kauchu moja moja kwa vidole. Ile ambayo ukiikamua motere inabadilisha sauti, itazame vizuri: kauchu ya zamani inapasuka kwa upande wa chini, pasipoonekana.

Tiyo zikiwa nzima, ngojea motere ipoe, uiwashe tena, kisha nyunyiza maji kidogo sana mahali kolektere inapoungana na motere. Maji yakifunga tundu, ralanti inageuka mara moja. Siye tunasema kidogo sana, juu kolektere ya moshi iko palepale, na chuma chenye moto kikipata maji baridi kinapasuka. Wengine wanamwaga esanse. Hapana! Ni kuchoma gari, na mtu pamoja nayo.

Wenye saa ya kupima uvutaji wakumbuke mlima. Kitabu kinaandika sentimeta 45 mpaka 55 za zebaki, lakini ni kwa usawa wa bahari. Kila meta 300 za kupanda zinaondoa karibu sentimeta 2 na nusu. Bukavu iko karibu meta 1.500: pale 35 ao 40 ni motere nzima.

Tiyo moja tusiisahau, ile nene inayokwenda kwa serivo ya freni. Zima motere, kanyaga freni mara tano mpaka iwe ngumu, bakisha mguu juu yake, washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, gari isiteremke mlima mpaka ile tiyo na serivo vitazamwe.