SOMO LA MAKATIBU: NENO LA SIRI LINALOOMBWA TENA NA TENA

Msimu wa machungwa ukifika Muheza, mnunuzi aliye mbali hawezi kungojea jibu la chama kwa muda mrefu. Machungwa hayahifadhiki kama mkonge. Barua pepe yenye bei ikikwama katika kompyuta ya chama, lori huelekea kwingine, na hasara ni ya wanachama wote.

Dalili ya ugonjwa huu ni moja. Barua za kuingia hufika vizuri, lakini kila katibu anapotuma, programu humwomba neno la siri. Akiliandika, huliomba tena.

Chanzo chake

Kupokea na kutuma ni kazi mbili, kila moja na seva yake. Utaratibu wa kutuma, uitwao SMTP, ulichapishwa mwaka 1982 bila kumtaka mtumaji ajitambulishe. Kanuni ya kumthibitisha ilitolewa mwaka 1999. Ndiyo maana programu kama Thunderbird huweza kutunza neno la kupokea na neno la kutuma mbalimbali. Moja likisahihishwa na la pili likaachwa, kutuma hukataliwa.

Hatua za kufuata

Kwanza, katibu aingie katika akaunti kwa kivinjari cha intaneti. Akikataliwa huko pia, kosa ni la neno lenyewe. Akikubaliwa, kosa limo katika programu.

Pili, akague mipangilio ya seva ya kutuma. Kwa kawaida jina la mtumiaji ni anwani kamili ya barua pepe. Mlango ni 587 wenye ulinzi wa STARTTLS, au 465 wenye SSL/TLS.

Tatu, afute neno la zamani la seva ya kutuma katika orodha ya maneno yaliyohifadhiwa. Katika Thunderbird mstari wake huanza na smtp. Kisha atume barua ya majaribio, aandike neno jipya, na kuagiza lihifadhiwe.

Nne, chama chenye akaunti ya Gmail kikumbuke kwamba tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kukataa neno la kawaida kutoka programu za nje. Katibu achague uthibitisho wa OAuth2, au, baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, aombe neno maalumu la programu lenye herufi 16.

Tahadhari

Ulinzi usizimwe kwa ajili ya kuharakisha kazi, wala neno la siri lisibandikwe ukutani. Neno hilo ni mali ya chama, kama ulivyo ufunguo wa ghala. Katibu akiondoka, libadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kupokea na kwa kutuma.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini barua huweza kuingia zisiweze kutoka?
2. Katika chama chenu, neno la siri hutunzwa na nani, na wapi?