Mathenge: Kwa Nini Kukata Pekee Hakurudishi Nyasi
Mti wa mathenge uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapa wakazi kuni. Leo umefunika malisho mengi karibu na Ziwa Baringo, na mfugaji ndiye anayeumia.

Nguvu zake ziko chini ya ardhi. Mizizi huzama hadi kwenye maji ambayo nyasi haziyafikii. Isitoshe, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi huupa mti naitrojeni kutoka hewani, hivyo udongo ulio chini yake mara nyingi huwa na rutuba kuliko ule wa wazi. Ajabu ni kwamba nyasi hazifaidiki: kivuli na majani yanayodondoka huzizuia kuota.

Ukikatwa juu ya ardhi, huchipuka tena. Wafugaji wanashauriwa kuchimba na kukata chini ya udongo, pale mizizi inapoanzia, kisha wapande nyasi za asili mvua zinapoanza, zitumie rutuba hiyo kabla ya miche mipya ya mathenge. Maganda yasagwe kabla ya kulishwa mbuzi, kwani mbegu nzima hupita tumboni na kuota kwenye samadi.